Goma: timu bila ligi, kiwanja bila karatasi

Upande wa kaskazini mwa mji wa Goma, ndani ya komine ya Karisimbi, kuna kiwanja cha mpira ambacho hakimo kwenye ramani yoyote. Mtu akipanda pikipiki na kuomba apelekwe huko, motari atamuuliza kwanza: kile cha mawe? Ndiyo, kile cha mawe. Hakuna ukuta, hakuna jukwaa, hakuna mlango wa kulipia. Kuna nguzo nne za mikaratusi zilizosimamishwa kuwa magoli, kamba ya nailoni iliyofungwa juu yake, na mawe ya volkano yaliyopangwa pembeni kuonyesha mahali mpira unapotoka. Mgeni anaketi juu ya bidoni tupu, au anasimama.

Timu inayocheza hapo haina ligi. Haimo ndani ya Entente ya mji, haijulikani huko LIFNOKI, ligi ya mpira ya Kivu ya Kaskazini, na habari za Linafoot inazifuata kwa redio kama watu wengine wote. Kuingia hata kwenye ngazi ya chini kunadai pesa: kuandikisha timu, leseni za wachezaji, waamuzi, usafiri. Vijana hawa wanatoa faranga mia tano mia tano kila juma, kwa mtindo wa likelemba, na pesa hiyo inatosha kununua mpira mpya ule wa zamani unapopasuka, na kumlipa fundi anayeshona viatu. Mwezi mbaya, haitoshi hata hilo.

Lakini ni timu. Ina jezi za rangi moja, hata kama namba za mgongoni zimechorwa kwa mkono. Ina kocha, ambaye asubuhi ni fundi mwashi na jioni anakuja na vumbi la saruji kwenye suruali. Ina filimbi. Ina daftari, na habari ya daftari hilo itarudi hapa chini, kwa kuwa ndilo linaloeleza vizuri zaidi kwa nini kiwanja hiki kina thamani.

Sasa kiwanja kiko hatarini. Siku za hivi karibuni walifika watu wawili na utepe wa kupimia. Walipima upande mmoja, wakapaka rangi nyekundu juu ya mawe matatu, wakaondoka. Hawakumwambia mtu neno. Chefu wa kata hajui nani amewatuma, wazee wa nyumba kumi nao hawajui. Lakini kila mkaaji wa Goma anajua maana ya utepe na rangi nyekundu. Baada ya rangi huja lori la mawe, baada ya lori huja ukuta, na baada ya ukuta watu wanaambiwa kwamba ni muda mrefu mahali hapo palikuwa na mwenyewe.

Nani alikitengeneza

Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, mlima Nyiragongo ulitapika moto. Ukavuka mji, ukachoma maelfu ya nyumba, ukafunika sehemu ya njia ya ndege kwenye uwanja wa ndege, ukafika hadi ndani ya ziwa Kivu. Watu walikimbilia Gisenyi, wengine wakashika njia ya Sake. Waliporudi, wengi wao hawakukuta nyumba wala mtaa. Walikuta jiwe jeusi, bado lina joto chini.

Wenye uwezo walijenga juu ya jiwe hilo, na ndiyo sababu leo nyumba nyingi za Goma ni za mbao juu ya mawe. Mahali ambapo hakuna aliyerudi kujenga, watoto walianza kucheza. Mwanzoni ilikuwa mpira wa mifuko ya plastiki na kamba, maana mpira wa dukani usingemaliza siku mbili juu ya mawe yale. Baadaye watu wazima wakaingia. Salongo kwa salongo, jumamosi kwa jumamosi, walivunja vigongo kwa nyundo, wakajaza mashimo kwa changarawe nyeusi iliyoletwa juu ya chukudu. Mtu aliyekuwa na nyundo alileta nyundo. Aliyekosa alibeba mawe kwa mikono.

Kwa hiyo kiwanja hiki hakikupatikana bure. Hakuna kiongozi aliyekuja kukata utepe, wala shirika lililosimika kibao chake hapo. Ni jasho la mtaa, na mtu yeyote anayesema kwamba ni mahali patupu ajue kwamba upatupu huo ulitengenezwa kwa miaka.

Si kiwanja kizuri kwa macho ya mtu aliyezoea televisheni. Kanuni za mpira zinataka urefu usiopungua mita 90. Hapa mtu mwenye hatua ndefu anamaliza upande mrefu kwa hatua sabini na kitu. Upande wa ziwa unashuka kidogo, na timu inayoshambulia kwenda chini ina faida. Kucheza kwa kuteleza ni marufuku, na marufuku hiyo haikutoka FIFA, ilitoka kwa mawe: anayeteleza hapa anaacha ngozi ya goti. Mpira ukianguka juu ya mabati ya jirani, mchezo unasimama, mtoto mmoja anatumwa kuomba samahani, na mama mwenye nyumba anautoa mpira akiwa amekunja uso. Kesho yake anautoa tena.

Jina kwenye daftari

Mwaka 2022 vita vilipowafukuza watu wa Rutshuru, maelfu walifika Kanyaruchinya na vitanda vyao kichwani. Baadaye ikawa zamu ya Masisi, na kambi zikaongezeka: Bulengo, Lushagala, Rusayo. Familia nyingine hazikuingia kambini. Zilipokelewa na ndugu, au na watu waliokuwa wageni kwao hadi siku hiyo, watu kumi na wawili ndani ya chumba kimoja cha mbao.

Watoto wa familia hizo walifika kwenye kiwanja kwa namna ile ile wote. Juma la kwanza walisimama pembeni wakitazama. Juma la pili walikimbia kuokota mpira unaotoka. Juma la tatu mmoja wao alivua sandali zake, akaziweka nyuma ya goli, akaingia. Hakuna aliyemfukuza. Kocha alimuuliza jina, anakaa kwa nani, na anaweza kucheza wapi. Akaandika.

Hili ndilo daftari. Kila jioni, kabla ya mazoezi, kocha anasoma majina, na kila mmoja anaitika. Kando ya jina kuna avenue anapolala kijana na jina la mzazi au mtu anayemlea. Kijana akikosa siku mbili, wachezaji wawili wanatumwa kuuliza. Mara nyingi jibu ni jepesi: malaria, au ameenda kubeba mchanga apate pesa ya unga. Lakini limeulizwa.

Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kijana aliyekimbia vita haorodheshwi kirahisi. Shule aliyosoma imebaki nyuma, pengine imefungwa. Kadi yake imepotea njiani. Kwenye bomba la maji anaitwa mkimbizi, na anaambiwa asubiri wenye mtaa wajaze kwanza. Siku ya msaada yeye ni jetoni. Kila mtu anajua pia kwamba kijana asiye na shule, asiye na kazi, na ambaye hakuna anayeuliza yuko wapi, ndiye makundi yenye silaha yanamtafuta. Mpira hauzuii risasi, na atakayesema kwamba unaleta amani peke yake anadanganya. Lakini kati ya kijana ambaye kutoonekana kwake kunaulizwa siku ya pili, na yule ambaye hakuna anayegundua kwamba ameondoka, kuna tofauti ya maisha na kifo. Kwenye kiwanja cha mawe kijana huyo ana jina, na siku ya mechi ana namba.

Wazazi nao wana sehemu yao. Jumamosi mchana, baada ya salongo, kunapokuwa na mechi dhidi ya mtaa mwingine, pembeni kunajaa. Mama mmoja anauza mandazi, mwingine karanga, kijana anakata miwa. Wenyeji na waliohamia wanasimama pamoja kwa sababu kivuli ni kimoja. Hapo ndipo habari zinapita: njia ipi imefunguka, nani ameonekana Minova, ni wapi wanajenga na wanatafuta watu wa kubeba mawe. Mkutano ulioitishwa rasmi ili wenyeji na wakimbizi wa ndani waishi kwa amani unahitaji ukumbi, maji ya chupa na pesa ya usafiri. Kiwanja kinafanya kazi hiyo kila juma, na kinadai mpira mmoja tu.

Wakaaji wa Goma hawana sababu ya kujiona wako mbali na wageni hao. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021 Nyiragongo ulitapika tena, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Watu wa mtaa huu huu walilala Sake, Minova na Rwanda, ndani ya makanisa na madarasa ya watu. Aliyelala kwenye darasa la mwingine anajua deni lake.

Wanaopinga nao wasikilizwe

Kuna wanaosema kwamba si wakati wa kuhangaikia mpira. Watu wana njaa, njia zimefungwa, bei ya maharagwe inapanda, na hapa watu wanalilia kiwanja. Hoja hiyo ina uzito, na anayeijibu kwa kejeli anakosea. Lakini atazame vizuri: kuuza kiwanja hakutaleta kilo moja ya maharagwe kwa mtu mwenye njaa. Kutaleta pesa kwa mtu mmoja au wawili, na nyumba ya ghorofa kwa wa tatu. Mwenye njaa atabaki na njaa yake, na mtoto wake atachezea barabarani kati ya pikipiki na malori.

Wengine wanasema kwamba ardhi inahitajika kwa makazi, hasa sasa ambapo mji umejaa. Hapa ni lazima kutenganisha mambo mawili, kuazima na kuuza.

Familia nyingi zilipofika kwa mara moja na hazina pa kulala, kiwanja hiki kilizipokea. Vibanda vya shitingi vilisimama kutoka goli hadi goli. Nguzo moja ya goli ilipasuliwa kuwa kuni, na hakuna aliyegomba. Timu haikucheza kwa majuma mengi, na wachezaji walikuwa wakisaidia kubeba maji. Ndivyo ilivyotakiwa iwe, maana usingizi wa mtoto unapita mpira. Familia hizo zilipopata mahali pengine, wanawake wa pande zote mbili walifagia, vijana wakasimamisha nguzo mpya, na mchezo ukarudi.

Kiwanja kilichoazimwa kinarudi, kilichouzwa hakirudi. Kama kiwanja hiki kingekuwa kimeuzwa miaka miwili kabla ya siku ile, watu waliofika na watoto mgongoni wangekuta ukuta wenye vipande vya chupa juu. Kwa hiyo anayesema kiuzwe kwa ajili ya makazi ajiulize ni makazi ya nani. Mji ulio chini ya mlima wa moto, na ambao vita vinausukumia watu kila mwaka, unahitaji mahali pa wazi kuliko mji mwingine wowote. Siku mlima ukiamka tena, watu watakusanyika wapi? Ndani ya vyumba vya kupanga?

Hoja ya tatu ni ya kisheria: huenda mwenye utepe ana karatasi halali. Inawezekana. Kabla ya mwaka 2002 palikuwa na nyumba hapo, na aliyeunguliwa na nyumba hakupoteza haki yake kwa sababu tu mlima ulitapika. Kama ni yeye au ni mtoto wake, ajitokeze mchana, aketi na chefu wa kata na wazee, aonyeshe hati yake, na watu watazungumza naye kwa heshima. Mwenye haki hapimi kiwanja alfajiri na kuondoka bila kusalimu.

Mali bila daftari

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Timu hii ina daftari la watoto, haina la ardhi, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1973, yenye nambari 73-021, inasema kwamba udongo wa Congo ni mali ya Serikali. Mtu hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa kwa cheti cha uandikishaji kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Karatasi ya mauzo iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili, hata ikiwa na muhuri wa kata, haijawa cheti hicho. Watu wengi wa Goma wamejifunza jambo hili siku ya kubomolewa nyumba.

Sheria hiyo hiyo ina kipengele kingine ambacho kila mtaa unapaswa kukijua. Cheti kikishatolewa, kinaweza kupingwa kwa muda wa miaka miwili. Miaka hiyo ikipita, kukipinga kunakuwa kugumu mno. Kwa hiyo kunyamaza hakusaidii. Mtu anaweza kutengenezewa cheti ofisini huku watoto wakiendelea kucheza, na siku atakapokuja na ukuta, mlango wa mahakama utakuwa umekwisha kufungwa. Kungoja lori la mawe ndipo watu wapige kelele ni kuchelewa.

Kuna mambo yanayowezekana sasa, bila kungoja msaada kutoka nje. La kwanza ni kuandika barua kwa mkuu wa komine, nakala kwa meya na kwa ofisi ya ardhi, kuuliza kwa maandishi kama kuna mtu aliyeomba ardhi hiyo, na kudai ipimwe na iandikwe kuwa mahali pa matumizi ya watu wote. Barua ipokelewe na muhuri, na nakala yenye muhuri itunzwe na watu watatu tofauti, kwa sababu nyumba za mbao zinaungua. La pili, timu ijiandikishe kuwa shirika lisilo la faida, kwa kufuata sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 2001. Timu isiyo na hati haiwezi kwenda mahakamani kwa jina lake. Inabaki kundi la vijana wanaopiga kelele. La tatu, wazee walioshika nyundo baada ya mwaka 2002 waeleze historia ya kiwanja, iandikwe, na waweke sahihi zao. Wanazeeka, na ushahidi wao unazeeka pamoja nao.

Familia zilizohamia nazo ziweke sahihi. Wengine watasema wao ni wapita njia na hawana neno. Wana neno: watoto wao wako kwenye daftari lile, na usiku fulani wao wenyewe walilala juu ya mawe yale.

Timu nayo ijitazame

Itakuwa makosa kuitetea timu hii kama vile haina kasoro. Anayeomba mtaa umsimamie lazima mtaa upate sababu ya kumwamini.

Pesa ya likelemba inaandikwa, lakini haisomwi mbele ya watu. Isomwe kila mwisho wa mwezi, hata ikiwa ni bei ya mpira mmoja. Mechi za jumamosi zimeanza kuvuta vijana wakubwa wanaoweka dau, na mahali pesa ya dau inapoingia, ngumi hufuata. Dau liondoke. Matusi anayotupiwa mwamuzi yanasikika hadi ndani ya nyumba za watu, na mama yule wa mabati ana haki ya kukunja uso.

Na wasichana wako wapi? Wanauza karanga, wanabeba wadogo zao mgongoni, wanatazama. Wapo wanaopiga mpira vizuri watoto wa kiume wanapokwenda kunywa maji. Kiwanja kilichovunjwa mawe na mama zao hakiwezi kuwa cha nusu ya watoto. Siku mbili kwa juma ziwe zao, na majina yao yaandikwe kwenye daftari hilo hilo. Msichana aliyekosa siku mbili anahitaji kuulizwa kama mvulana, na mara nyingine zaidi.

Kuna wanaotaka kukitetea kiwanja kwa kusema kwamba atatoka hapo nyota wa kesho. Kweli TP Mazembe, iliyofika fainali ya kombe la dunia la vilabu mwaka 2010, ilianza mwaka 1939 kama timu ya wanafunzi wa watawa wa Benediktini kule Lubumbashi, mji ulioitwa wakati huo Élisabethville. Lakini mtaa usiwekewe mzigo huo. Karibu watoto wote wanaocheza juu ya mawe haya hawatalipwa hata faranga moja kwa mpira. Watakuwa waashi, wauguzi, motari, walimu, mama wa soko. Kiwanja kina thamani hata kama hakitatoa nyota hata mmoja.

Jumamosi iliyopita mechi iliisha kwa sare ya bao moja. Bao la wenyeji lilifungwa na kijana aliyefika kutoka Masisi, kwa kichwa, kutokana na krosi ya mtoto wa mtaa. Baada ya filimbi wachezaji hawakuondoka mara moja. Waliokota changarawe iliyotawanyika, wakaijaza kwenye shimo lililo mbele ya goli la chini, wakaikanyaga. Yale mawe matatu yenye rangi nyekundu yalikuwa bado pale pembeni, na watoto wadogo walikuwa wamekaa juu yake.

Jumamosi ijayo, salongo ikiisha, watu wa kata wasitawanyike mapema. Waketi dakika chache pale pale kiwanjani, wenyeji na waliohamia, na barua isomwe kwa sauti kabla ya kuwekwa sahihi. Mwenye utepe akirudi, akute watu wanaojua alichokuja kufanya, na akute nakala yenye muhuri.